Heshima ya Watetezi wa Ndege

Wahenga walituachia methali mbili ambazo kwa msikilizaji wa haraka huonekana kama zinapingana. Ya kwanza yasema, "Tenda wema nenda zako." Ya pili yasema, "Chanda chema huvikwa pete." Ya kwanza yamwagiza mtu atende jambo jema kisha ashike njia yake, asigeuke nyuma kutazama kama yuko amsifuye. Ya pili yasema kuwa wema haukosi tuzo. Lakini ukizipima vizuri utaona kuwa methali hizi hazigombani, kwa sababu hazisemi na mtu mmoja. Ya kwanza yasema na mtenda wema. Ya pili yasema na watu waliotendewa. Mtenda wema hana ruhusa ya kuidai pete, nasi hatuna ruhusa ya kumnyima.

Katika insha hii tutaitazama habari ya watu waliojitolea kuwatetea ndege bila mshahara. Tutaanza Uingereza, ambako chama kikubwa cha kuwalinda ndege kilizaliwa katika vikao vidogo vya majirani. Kisha tutarudi kwetu Kenya, ambako kazi ya namna hiyo hufanywa hata leo. Tutatazama mambo waliyoyatenda, na zaidi tutatazama jinsi walivyotunzwa na jinsi walivyosahauliwa, maana katika hayo mna funzo kwa kila kundi la watu wafanyao kazi kwa hiari.

Mwanzo wa habari hii ni kofia. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake wa Ulaya na Marekani waliopenda kwenda na wakati walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya ya ndege. Mara nyingine pambo halikuwa manyoya tu. Bawa zima, au kichwa, au ndege mzima aliyekaushwa, alishonewa juu ya kofia. Biashara hiyo ilinyosha mkono wake pande zote za dunia. Ndege wa paradiso waliletwa kutoka New Guinea; ndege wadogo wafyonzao asali ya maua waliletwa kutoka Amerika ya Kusini; yangeyange waliletwa kutoka mabwawa ya Asia na Amerika. Hata ndege wa Uingereza kwenyewe hawakusalimika. Shakwe wa pwani walipigwa risasi kwa ajili ya mbawa zao, na kibisi mwenye kishungi, ndege wa maziwani, aliwindwa hata akakaribia kutoweka katika nchi hiyo.

Aliyeteswa kuliko wote ni yangeyange. Mwanafunzi wa Kenya amfahamu ndege huyu mweupe anayewafuata ng'ombe malishoni. Ndugu zake wakaao kandokando ya maji huota manyoya marefu, laini kama hariri, wakati wa kutaga na kulea peke yake. Hayo ndiyo manyoya yaliyotakiwa na washona kofia. Basi mwindaji hakuwa na wakati mwingine wa kumfuata ndege huyu ila wakati yuko kiotani. Aliwaua wazazi, akanyofoa manyoya machache mgongoni, akaiacha mizoga ioze, na vifaranga wakafa kwa njaa na jua. Shungi moja la kofia lilikuwa na maana ya jamaa nzima iliyokwisha.

Mwaka 1902, katika minada ya London, yaliuzwa mafurushi 1,608 ya manyoya ya ndege wa jamii hii, kila furushi lina wakia 30. William Hornaday, mtaalamu wa wanyama wa Marekani, alikadiria kuwa wakia moja ilihitaji ndege wanne. Fanya hesabu mwenyewe, msomaji: wakia 48,240, na ndege 192,960 waliouawa viotani kwa mwaka mmoja na kwa mji mmoja. Vifaranga hawamo katika hesabu hiyo. Na faida ilikuwa kubwa mno. Mwaka 1903 wakia moja ya manyoya hayo huko Marekani ilifikia dola 32, hali wakia ya dhahabu ilikuwa kiasi cha dola 20. Kwa hiyo waliotaka kuikomesha biashara hii walisimama mbele ya wafanya biashara matajiri, wala hawakuwa na mali ya kushindana nao.

Watu hao walikuwa nani? Wataalamu wa ndege wa Uingereza walikuwa na chama chao tangu mwaka 1858, na wanachama wake walikuwa wanaume. Lakini vita vya kofia havikuanzia huko. Vilianzia Didsbury, kitongoji cha mji wa Manchester, katika nyumba ya mama mmoja jina lake Emily Williamson, mke wa wakili, mwenye umri wa miaka 33. Mwezi wa Februari 1889 aliwakusanya rafiki zake nyumbani kwake, akawaomba watie sahihi ahadi. Masharti yalikuwa mepesi kuelewa. Mwanachama atapinga uharibifu wa ndege usio na sababu, na atajishughulisha na ulinzi wao. Na mwanachama mwanamke hatavaa manyoya ya ndege yeyote asiyeuawa kwa chakula, isipokuwa mbuni. Mbuni aliachwa kwa sababu manyoya yake hukatwa bila kumwua. Ada ya kujiunga ilikuwa peni mbili, bei ambayo hata mtumishi wa nyumbani aliweza kuilipa.

Mwaka huo huo, kusini mwa Uingereza, katika mji wa Croydon, wanawake wengine walikuwa wakikutana nyumbani kwa Eliza Phillips. Kikundi chao kiliitwa Fur, Fin and Feather Folk, yaani watu wa kutetea wenye manyoya, wenye mapezi na wenye mbawa. Miongoni mwao alikuwamo Hannah Poland, binti wa mfanya biashara ya samaki, na Margaretta Smith, aliyejulikana zaidi kwa jina la Etta, ambaye baada ya kuolewa aliitwa Etta Lemon. Mwaka 1891 vikundi hivi viwili viliungana vikawa chama kimoja, makao yake yakawa London, na Winifred, Duchess wa Portland, akachaguliwa kuwa rais wake.

Kazi yao ilikuwa ya namna gani? Haikuwa kazi ya fahari. Kwa sehemu kubwa ilikuwa kazi ya kuandika barua. Husimuliwa kuwa Etta Lemon, akiwa kanisani, aliwatazama wanawake waliovaa kofia zenye manyoya, akayashika majina yao kichwani, kisha akampelekea kila mmoja barua ya kumweleza jinsi ndege yule alivyouawa ili kofia ile ipambwe. Yamkini wengi walichukizwa. Lakini wengine hawakuwa wamejua, na walipojua waliacha. Kadhalika wanachama waliandika vijarida, waliweka hesabu ya senti zilizoingia, walizunguka miji kutafuta wanachama wapya, na kila aliyeandikishwa aliombwa kuwavuta wenzake. Haba na haba hujaza kibaba. Kabla karne haijaisha, wanachama walihesabiwa kwa maelfu.

Msaada mwingine ulitoka mbali. Arthur Mattingley wa Australia alikuwa mtumishi wa forodha katika mji wa Melbourne, na kupiga picha za ndege kulikuwa kazi yake ya mapumziko. Mwaka 1906 alirudi kwenye bwawa alilolijua kuwa na makazi ya yangeyange, akakuta mizoga ya wazazi na vifaranga wakilia viotani kuomba chakula kisichokuja. Hakuwa na uwezo wa kuwafufua; alikuwa na kamera tu. Picha zake zilifika London, na mwezi wa Julai 1911 chama kiliwaajiri watu watembee katika mitaa ya maduka makubwa wamebeba mbao zenye picha hizo kifuani na mgongoni. Mwanamke aliyetoka dukani na kofia mpya alikutana uso kwa uso na gharama yake.

Pole pole wakubwa walianza kusikia. Mwaka 1899 Malkia Victoria aliidhinisha amri ya kuwakataza maofisa wa majeshi kadhaa kuvaa manyoya ya yangeyange. Mwaka 1904 chama kilipewa hati ya kifalme, kikaitwa Royal Society for the Protection of Birds. Mwaka 1906 Malkia Alexandra aliandika barua kusema kuwa yeye hayavai manyoya hayo. Lakini sheria ilikuwa ngumu kupatikana. Mswada ulioletwa mwaka 1908 ulipita katika baraza la mabwana, ukakwama katika baraza la wawakilishi. Mwingine ulikatizwa na vita vya 1914. Mwishowe, tarehe 1 Julai 1921, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza kuingizwa kwa manyoya nchini, nayo ikaanza kutumika mwaka 1922. Tangu kikao cha Didsbury ilikuwa imepita miaka 32.

Haki yatulazimisha kusema kuwa sheria hiyo haikufanya kila kitu. Ilikataza kuingiza manyoya. Haikukataza kuyauza wala kuyavaa yale yaliyokuwa nchini. Pia mtindo wenyewe ulibadilika: wanawake wa miaka ya 1920 walikata nywele fupi na kuvaa kofia ndogo za kubana kichwa, ambazo hazikuweza kubeba ndege mzima. Hata hivyo mtindo huenda na kurudi, bali sheria ilibaki mlangoni kuzuia biashara isirudi pamoja nao. Kibisi mwenye kishungi aliongezeka tena. Na mwaka 1996, yangeyange wadogo, ambao walikuwa wametoweka Uingereza kwa karne kadhaa, walijenga viota na kuangua katika kisiwa kimoja cha pwani ya kusini.

Sasa tuitazame ile pete. Je, watu hawa walivikwa?

Jibu si jepesi. Chama chenyewe hakikukosa shukrani. Tangu mwaka 1908 kimekuwa na nishani yake ya kuwatunza watetezi wa ndege, na kina tuzo kwa watu wake wa kujitolea. Rais wake, Duchess wa Portland, alikaa katika cheo hicho mpaka alipofariki mwaka 1954, na jina lake lilitangulia katika kila taarifa. Lakini cheo na jasho ni vitu viwili. Etta Lemon alikuwa katibu wa heshima katika miaka ya mwanzo. Chama kilipopata hati ya kifalme mwaka 1904, jina lililoandikwa katika nafasi hiyo lilikuwa la mumewe, Frank Lemon, wakili. Mke akaendelea na kazi katika kamati. Mwaka 1909 wataalamu wa ndege wa Uingereza walimpokea awe mmoja wa wanawake wanne wa kwanza kupewa uanachama wa heshima katika chama chao. Mwaka 1920 serikali ilimpa nishani, lakini haikuwa kwa ajili ya ndege. Ilikuwa kwa sababu alisimamia hospitali wakati wa vita. Aliondoka katika uongozi mwaka 1939, baada ya miaka ipatayo 50 ya utumishi, na alipofariki mwaka 1953 watu wengi waliolipenda jina la chama hawakulijua lake.

Emily Williamson alisahauliwa zaidi. Chama kilipohamia London, kazi ya kila siku ilishikwa na wengine, naye akaendelea na shughuli za hisani kimya kimya. Alifariki mwaka 1936. Ilipofika mwaka 1989, chama kilipotimiza miaka 100, ndipo kibao cha kumbukumbu kilipowekwa penye nyumba yake ya zamani, ambayo sasa imo katika bustani ya wananchi iitwayo Fletcher Moss. Yaani pete ilikuja miaka 53 baada ya chanda kuzikwa. Mwaka 2021, sheria ya manyoya ilipotimiza miaka 100, mifano minne ya sanamu yake ilionyeshwa kwa watu wapige kura, na mfano wa mchongaji Eve Shepherd ukachaguliwa.

Kwa nini watu hawa walisahauliwa? Si kwa sababu waliwachukiza wenzao wote, wala si kwa sababu kazi yao ilikuwa ndogo. Walisahauliwa kwa sababu kazi ya kujitolea haiachi hati ya mshahara. Mtu wa kuajiriwa ameandikwa katika daftari la malipo. Mtu wa hiari asipoandikwa na wenziwe haandikwi popote. Kadhalika, macho ya watu hupenda kumtazama aliyeketi kiti cha mbele, si yule aliyekipanga kiti hicho.

Kuna jambo jingine. Etta Lemon, aliyewatetea ndege kwa nguvu zake zote, alipinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura. Mtu wa leo aweza kushangaa, na ana haki ya kumlaumu. Lakini kumheshimu mtu si kumgeuza malaika. Kumheshimu ni kusema kwa usahihi alilolitenda, bila kuliongeza wala kulipunguza, na bila kuyaficha mengine. Sifa za jumla ni rahisi kutoa, na kwa hiyo hazina uzito. Kusema "alikuwa mtu mwema" ni kama kumpa mtu sarafu isiyo na chapa. Kusema "aliandika barua hizi, akahesabu fedha hizi, akasimama hapa kwa miaka 50" ni kumpa haki yake.

Tugeuke sasa kwetu. Hapa Kenya chama cha kuchunguza viumbe kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, kikaanzisha makumbusho mwaka 1910, ambayo ndiyo mzazi wa Makumbusho ya Taifa ya leo. Chama hicho sasa hujulikana kwa jina la Nature Kenya, na kimo katika umoja wa dunia wa kuwalinda ndege pamoja na kile chama kilichoanzia Didsbury. Kwa hiyo habari tuliyoisimulia si ya ukoo mwingine kabisa.

Kazi ya hiari katika nchi yetu si haba. Tangu mwaka 1969, kila mwisho wa mwaka, watu hukusanyika Ngulia katika Tsavo Magharibi. Ukungu ukishuka usiku, ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa, nao hunaswa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete nyepesi yenye namba mguuni, kisha huachwa waende zao. Mamia ya maelfu wamevishwa pete hivyo, na ndege mmoja akipatikana tena katika nchi ya mbali, njia yake hujulikana. Tena kila Januari, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wa hiari huhesabu ndege wa maji katika maziwa ya Bonde la Ufa. Kuhesabu heroe maelfu kwa maelfu, jua likichoma na matope yakishika miguu, si mchezo. Lakini bila hesabu ya mwaka huu hatutajua kesho kama wamepungua.

Fleur Ng'weno alianza mwaka 1971 kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi huko Nairobi, na akaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Fikiri, msomaji: Jumatano moja si kitu, lakini Jumatano za miaka 40 ni zaidi ya 2,000. Wengi waliojifunza kumtambua ndege kwa sauti yake walijifunza katika Jumatano hizo.

Na katika nyanda za juu za Kinangop yuko ndege mdogo mwenye kifua cha manjano, ambaye hapatikani popote duniani ila Kenya. Huishi katika majani mafupi ya malisho, na malisho hayo ni mashamba ya watu. Jembe likipita, makazi yake yamekwisha. Ndege huyu amepewa jina la Sharpe, mtaalamu wa makumbusho ya London. Lakini uhai wake leo u mikononi mwa wakulima wa Kinangop, na wako miongoni mwao waliofanya kikundi cha kumlinda, wakahimiza jirani zao waache sehemu ya majani isilimwe. Jina la mtaalamu limo katika vitabu vya dunia nzima. Majina ya wakulima hao yako wapi? Hilo ndilo swali la Didsbury, limekuja kuuliza hodi Kinangop.

Basi yatupasa tujue namna ya kutunza. Kwanza, jina la mtu liandikwe mapema, katika daftari la kikundi, siku ile ile ya kazi, pamoja na mahali, tarehe na jambo alilolifanya. Wanafunzi walio katika Wildlife Clubs of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1968, waweza kuanza na daftari lao wenyewe: nani aliwahesabu ndege, nani aliuokota uchafu ziwani, nani aliwabebea wenzake maji. Pili, siku ya kutoa tuzo, atajwe mwenye jasho kabla ya mwenye cheo. Tatu, tuzo itolewe mtu akiwa hai, asikie kwa masikio yake. Mcheza kwao hutunzwa, lakini hutunzwa akiwa bado uwanjani; ngoma ikiisha na watu wakitawanyika, hapana tena wa kutunzwa wala wa kutunza.

Huenda mtu akauliza: je, sifa haziwaharibu watu wa hiari, wakaanza kufanya kazi kwa ajili ya kupigiwa makofi? Hatari hiyo ipo. Lakini hatari ya kutowataja ni kubwa zaidi, kwani kijana asiyesikia jina la aliyemtangulia hudhani kuwa ndege walijilinda wenyewe, na sheria zilijiandika zenyewe. Akidhani hivyo hatajitolea. Tuzo njema haimlipi mtu wa jana tu. Humwita mtu wa kesho.

Yangeyange atuapo mgongoni mwa ng'ombe jioni hajui kuwa palikuwa na mama wa Didsbury, wala mpiga picha wa Melbourne. Hana haja ya kujua. Kujua ni wajibu wetu sisi, tunaomwona angali hai.